Majina Lazima Yalingane

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipoanza kushushwa na meli, mimi nilikuwa na wanafunzi mia moja na arobaini wa afya ambao hawakutaka kuniona. Nasema kweli, sitii chumvi. Nilikuwa nafundisha kozi za jumla pale chuoni kwetu: stadi za mawasiliano, jamii na utamaduni, uandishi wa ripoti. Kila mwanafunzi lazima azipite, awe wa uuguzi, awe wa maabara, awe wa udaktari. Wenyewe waliziita kozi za kujazia. Jumatatu saa mbili asubuhi, wale waliojaliwa kufika walikuwa wameinamia madaftari ya anatomia wanachora figo. Nikiuliza swali wananitazama kama nimeingia nyumba ya watu bila hodi.

"Madamu," aliniambia mmoja, tena kwa upole kabisa, "mgonjwa akiletwa anavuja damu, nimwandikie insha?"

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, miaka kumi na mmoja. Heri kumpigia mbuzi gitaa, maana mbuzi haji ofisini mwisho wa muhula kuomba aongezewe alama za mahudhurio.

Na kinara wao alikuwa bosi wangu. Daktari Pastory, mkuu wa kitivo, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, kila kikao alikuwa na ombi lile lile: saa zangu zipunguzwe, apewe mwalimu wa fiziolojia. "Honorata, mambo yako ni mazuri," anasema, "lakini haya mtu anaweza kuyasoma mwenyewe akiwa kwenye basi." Wenzake wanacheka, na mimi nacheka, halafu naenda nyumbani Katubuka naongea peke yangu jikoni mpaka sufuria inaungua.

Katika wale mia moja na arobaini alikuwepo mmoja tu aliyenisikiliza. Anaitwa Abdulmajid, kijana wa Kasingirima, mwaka wa pili wa uuguzi. Anakaa mbele, ananyoosha mkono, anaandika kila ninachosema. Nadhani hata kikohozi changu alikiandika. Nilimpenda yule kijana, sifichi. Kila nilipofikiria kuacha kazi nilisema moyoni, basi nimalize na huyu kwanza.

Somo nililolishikia bango kuliko yote lilikuwa la kujaza fomu. Najua, inachekesha, watu wazima wanafundishwa kujaza fomu. Lakini niliwahi kumuuguza shangazi yangu wodini, na kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja aliyechomwa sindano isiyo yake kwa sababu mle ndani Zuleha walikuwa wawili, na muuguzi akajitia kujua. Yule mama alitoka hai kwa rehema za Mungu tu. Tangu siku hiyo sikutaka mchezo. Majina matatu: lako, la baba, la babu. Lazima yalingane. Usiandike unachokijua wewe, andika kinachosomeka kwenye karatasi. Jina la ukoo lisipolingana, hao hawahusiani, hakuna mjadala. Anayekosea nakata alama tano. Walininunia mwezi mzima, na Abdulmajid akapata zote.

Basi ikafika Mei, na mji ukajaa. Uwanja wa mpira uligeuzwa kituo cha kupokelea watu. Meli ikileta mia sita leo, kesho inaleta mia tisa, wengi wao wakiwa hoi kwa kuharisha. Wanafunzi wetu wote wa mwaka wa pili na wa tatu walipelekwa kusaidia: hawa kwenye mahema ya wagonjwa, hawa mezani getini kuandikisha. Kozi za jumla zikasimamishwa. Hakuna aliyeniuliza mimi niende wapi. Nilikaa ofisini siku tatu nikisahihisha karatasi ambazo hakuna mtu angekuja kuzichukua.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, Daktari Pastory akanipigia.

"Honorata, kuna mgonjwa anagoma matibabu. Hii si ndiyo mawasiliano yako? Na Kirundi unakisikia."

Mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na yeye alilijua hilo siku zote, ila siku hiyo ndiyo alilikumbuka. Nikaenda kwa hasira zangu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia.

Mgonjwa mwenyewe nilimkuta amekaa chini, mlangoni mwa hema, ameegemea nguzo ya turubai. Mwanamke wa miaka kama thelathini, midomo imepasuka, macho yameingia ndani, mtoto mchanga yuko kifuani. Mkononi kulikuwa na plasta iliyoning'inia. Alikuwa amejichomoa dripu mara mbili tangu alfajiri. Nikachukua faili lake. Jina: Nahimana Melania. Chini yake mtu ameandika: *Amechanganyikiwa. Anadai watoto wasiokuwepo.*

Nikaketi chini, nikamsalimia. Amahoro. Akaitikia. Nikamuuliza safari, nikamuuliza nyumbani, nikamuuliza mtoto, polepole, maana kwetu huwezi kumrukia mtu na maswali ya ugonjwa kabla hujamjulia hali. Muuguzi aliyekuwa nyuma yangu alisonya kabisa. Nikamwacha.

"Abana banje bari hehe?" Melania akasema. Watoto wangu wako wapi?

Akanieleza bila kulia. Alishuka melini na watoto watatu, huyu mchanga na wavulana wawili. Alipofika kwenye hema miguu ikamwishia. Wavulana wakaambiwa wakae pale kwenye kamba ya foleni, wasubiri. Alipozinduka hawakuwepo.

"Kila ninayemuuliza ananiambia nina mtoto mmoja," alisema. "Wanatazama karatasi, wananiambia mmoja. Nilale, ninywe maji. Kama wamekufa niambieni, nitalia nikijua ninalia nini. Lakini msiniambie sikuwazaa."

"Wanaitwa nani?"

"Bukuru na Butoyi."

"Na huyu?"

"Ciza."

Muulize mtu yeyote wa Buha, nchi yetu Waha, hata awe hajasoma, atakwambia: Bukuru ni pacha aliyetangulia kutoka, Butoyi ni aliyemfuata, na Ciza ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Kwetu, na kwa Warundi, mtoto hapewi jina la baba yake. Kila mmoja anapewa lake, la siku yake na la mambo yaliyowakuta wazazi wake. Nyumbani kwetu tulikuwa wanane na majina manane. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza ndipo mwalimu aliponibandika jina la baba, na bibi yangu akauliza kwani lile langu limeibiwa. Ukimpanga Melania na wanawe kwenye karatasi, Nahimana, Bukuru, Butoyi, Ciza, hutaona ukoo hata kwa dawa. Lakini ukiyasikia tu yale majina umeshajua nani alitoka tumboni kabla ya nani.

Nikanyanyuka. Nikamwambia Melania anipe muda kidogo, nakwenda kuwatafuta. Akanitazama kama alivyowatazama wengine wote.

Getini palikuwa na meza nne na madaftari makubwa. Nikafungua moja baada ya jingine, msimamizi ananiambia hairuhusiwi, namwambia anishitaki. Nikawapata kwenye orodha ya watoto wasio na mzazi wala mlezi. Bukuru Dismasi, miaka sita. Butoyi Bonaventura, miaka sita. Tarehe ya kuzaliwa moja. Kwenye safu ya uhusiano, kwa kila mmoja, imeandikwa: *Hana.* Mapacha, jamani, wa siku moja, wamekaa mstari wa juu na mstari wa chini, halafu hawahusiani. Mbele yake: wamesafirishwa jana asubuhi, kituo cha watoto, upande wa Kasulu.

Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nikasema leo nitamjua huyu mbumbumbu, nitamfukuzisha chuo, Pastory apende asipende. Halafu nikautazama ule mwandiko. Herufi zimesimama sawasawa, hakuna kufutafuta, kila kisanduku kimejazwa. Mwandiko huo nilikuwa nimeusahihisha muhula mzima.

Abdulmajid nilimkuta nyuma ya mahema ananawa mikono kwenye ndoo yenye bomba. Alikuwa amekonda kwa siku nne zile, macho mekundu. Aliponiona akatabasamu.

"Shikamoo Madamu."

Sikuitikia. Nikamwonyesha daftari. "Hawa ni mapacha."

"Ndiyo, Madamu."

"Unajua?"

"Najua. Jirani yetu kule Kasingirima ana Bukuru na Butoyi, nimekua nao, na lugha yao naisikia."

"Sasa uliandika nini hapa?"

Akashangaa, hakuwa na jeuri hata chembe. "Walisema mama yao yuko kwenye hema. Nikaenda kuangalia faili. Nahimana. Kadi zao za chanjo hazina Nahimana. Zenyewe kwa zenyewe pia hazilingani. Nikakumbuka ulivyosema, usiandike unachokijua, andika kinachosomeka. Nilifikiri huko mbele watakuja kulinganisha. Sikujua orodha ile ndiyo inayopanda basi."

"Na watoto walikubali?"

"Walilia. Kwa hiyo niliwaonyesha karatasi. Niliwaelekeza vizuri tu, nikawaambia karatasi inasema yule si mama yenu." Hapo ndipo nilipoona limeanza kumwingia. Mikono ikabaki inachuruzika maji. "Madamu, nilikosea wapi?"

Nilikuwa nimekuja na matusi mdomoni, ya Kiswahili na ya Kiha. Nikatafuta wa kumtukana nikakosa. Mia moja na thelathini na tisa hawakunisikiliza, na yeyote kati yao, kwa uvivu wake, angewaacha wale watoto pale pale kwenye kamba mpaka mama yao azinduke. Aliyenisikiliza ndiye aliyewapandisha basi.

"Hukukosea," nikamwambia. "Kwa mwongozo wangu wa kusahihisha, umepata zote."

Daktari Pastory nilipomweleza, alivua miwani. "Tuseme ni uzembe wa mwanafunzi," akasema. "Tumpe onyo, yaishe."

"Si wa mwanafunzi."

"Honorata, usijitwike."

"Nimeshatwikwa. Nipe gari."

Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva yupo, mafuta yapo. Kilichokosekana ni karatasi ya kuliruhusu kutoka, na mwenye kuisaini alikuwa ameenda Bangwe kupokea boti. Nilicheka peke yangu pale uwanjani, watu wakanitazama. Basi nikaomba simu. Kituo cha watoto alipokea mlezi mkuu, anaitwa Frida.

"Bukuru na Butoyi ninao," alisema. "Mama anaitwa nani?"

"Nahimana Melania."

"Hayalingani."

Nikamweleza. Nikamweleza tena kwa Kiha. Nikamweleza habari za bibi yangu na majina manane. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Dada yangu, mimi mwenyewe Muha, unanifundisha nini?" akasema. "Lakini wiki iliyopita alikuja mwanaume akajiita mjomba, na maneno matamu kuliko haya yako, akamchukua binti, na mjomba wake wa kweli akaja kesho yake. Simtoi mtoto kwa simu. Mlete mama kwa miguu yake. Na kila mtoto aseme mbele yangu kwamba huyu ni mama yake. Bila hivyo hatoki mtu."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Mwanamke alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba siku nzima nilizunguka kutafuta mjinga nikawa nakutana na watu wanaofanya kazi yao.

Nikarudi kwa Melania. Nikamwambia wapo, wako hai, wako Kasulu, lakini itabidi aende mwenyewe, na hawezi kwenda na hali hii. Akasema lete hayo maji. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, maji ya chumvi na sukari yale ambayo wauguzi walikuwa wamembembeleza tangu jana, na kila akimeza ananitazama juu ya ukingo wa kikombe kuona kama namdanganya. Akanyoosha mkono wake mwenyewe achomwe dripu. Kesho yake asubuhi Daktari Pastory alimpima, akasema yeye hapendi lakini mgonjwa anaweza kusafiri, na ile karatasi ya gari akaenda kuisainisha mwenyewe.

Tukaondoka. Melania amelala nyuma na Ciza, mimi pembeni, Abdulmajid amepiga magoti ameshika chupa ya dripu juu maana ndoano ya kuitundikia ilikuwa imevunjika. Sikumwita mimi. Nilimkuta ameshaingia garini. Barabara ya Kasulu ilikuwa imeharibiwa na masika, tunarushwa huku na huku, na yule kijana hakubadilisha mkono mpaka nilipomwambia utakufa ganzi, badilisha. Melania hakujua ni nani. Alimshukuru mara mbili. Mara ya pili Abdulmajid akageuza uso akatazama dirishani.

"Madamu," akaninong'oneza baadaye, "niwaambie nini?"

"Nani?"

"Wale watoto."

Nikamwambia anyamaze, ashike chupa.

Kituo kilikuwa nyumba tatu ndefu za mabati na ua uliofagiliwa. Frida alitutokea na faili mkononi, mama mfupi mwenye kilemba, akamtazama Melania juu mpaka chini, akamletea kiti. Kisha akaagiza watoto waitwe. Mmoja akatoka nyumba ya kwanza, mwingine nyumba ya tatu. Nikamuuliza Frida kwa nini wametengwa.

"Orodha yenu ilisema hawahusiani," akasema. "Tunawapanga kwa ndugu."

Butoyi alimwona mama yake akapiga mbio. Alijitupa tu, chupa ya dripu ikataka kumponyoka Abdulmajid. Melania akamshika kichwa, akawa anamnusa utosini, analia sasa, kilio kile alichokuwa amekizuia. Frida akainama akamuuliza, huyu ni nani? "Mama," akasema Butoyi. Frida akatia alama.

Bukuru alisimama kando ya pipa la maji, hatua kama ishirini. Hakuja. Mama yake akamwita, akamwita tena kwa jina lake la kudekezwa, mtoto amesimama, mkono umeshika ukingo wa pipa. Alikuwa amevaa shati la kupewa, refu mpaka magotini. Frida akamfuata, akachuchumaa mbele yake.

"Bukuru, huyu ni nani?"

Nilijua Frida hatamtoa mtoto asiyejibu, na nilijua yuko sahihi, na nikaanza kuhesabu njia zote ambazo jambo hili lingeweza kuharibika tena mbele ya macho yangu.

Bukuru alimtazama mama yake muda mrefu. Kisha akamtazama Abdulmajid. Alimtambua. Akaacha pipa, akaja polepole akampita mama yake, akasimama mbele ya yule kijana mwenye chupa, akainua uso. Ndiye mkubwa kwa pacha mwenzake, alitoka wa kwanza, na alikuwa anauliza kwa niaba ya wote wawili, kwa adabu, namna mtoto aliyelelewa anavyomuuliza mtu mzima.

"Leo karatasi inasemaje? Imesema ni mama yetu?"

Abdulmajid akanigeukia mimi, mwalimu wake. Miaka kumi na mmoja nafundisha mawasiliano, na sikupata neno la Kiswahili wala la Kiha.

Melania hakutusubiri. Alinyanyuka kitini, sindano ikachomoka, damu ikamchuruzika mpaka kwenye vidole, akamshika Bukuru kwa mkono huo huo na kuanza kutembea kuelekea kwenye gari. Frida aliwatazama, hakuwazuia, kisha akafunga faili bila kujaza kisanduku cha pili. Bukuru alikwenda na mama yake, hakugoma. Ila kila hatua mbili tatu aligeuka kumtazama Abdulmajid, bado anasubiri ajibiwe.